Jibu la Kifaa Halitupwi

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa waandishi wa programu za GPU, zile kadi za kompyuta zinazofanya hesabu nyingi kwa pamoja; humu naziita pia kadi au kifaa. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha, maneno yanajitosheleza.

Ndugu zangu, waandishi wenzangu wa programu, asanteni kwa kufika.

Nianze na swali, na wala sitaki mnyooshe mikono. Kila mtu ajijibu moyoni mwake. Mara ya mwisho ulipoandika cudaSetDevice, ulisoma jibu lake? Na cudaMalloc je? Na cudaDeviceSynchronize?

Funksheni hizi za ngazi ya chini kabisa za CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kuandikia programu za GPU), zile zinazohesabu vifaa, zinazochagua kifaa, zinazokisubiri na kukiweka upya, zimeandikwa kwa mtindo wa lugha ya C. Kila moja inarudisha namba. Sifuri maana yake mambo yamekwenda sawa. Namba nyingine yoyote imebeba habari. Na C haimlazimishi mtu kuipokea habari hiyo. Unaita, unajibiwa, jibu linaanguka chini na hakuna wa kuliokota. Tangu CUDA itoke mwaka 2007 mtindo umekuwa huohuo, na AMD, washindani wa NVIDIA, walipotengeneza HIP, mfumo wao wa namna hiyo, waliufuata karibu herufi kwa herufi: hipSetDevice, hipGetDeviceCount, hipSuccess.

Ndiyo maana tunazivisha ganda, yaani msimbo wetu unaozizunguka na kuziita kwa niaba yetu. Nami leo nina neno moja kuhusu ganda hilo: kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha kila jibu la kifaa linasomwa, linasomwa mapema, na linamfikia anayeweza kulifanyia kitu. Majina mazuri, madarasa yaliyopangika, msimbo mfupi, hayo yote ni ya baadaye. Ganda zuri la sura linalomeza majibu ni baya kuliko kutokuwa na ganda, kwa sababu linawafanya watu walale usingizi.

Timu moja ninayoifahamu ilikuwa inatafuta ukubwa wa bloku unaoifaa keneli yao. Keneli ni programu ndogo inayoendeshwa na GPU kwa nyuzi nyingi kwa pamoja, na nyuzi hizo hugawanywa katika bloku. Wakaandika programu ya kupima muda: nyuzi 128 kwa kila bloku, kisha 256, 512, 1024, na mwisho 2048. Kila duru ilipima muda, ikalinganisha matokeo na yale ya CPU ili kuthibitisha kwamba hesabu ni sahihi. Duru zote zikapita. Na mshindi, tena kwa mbali, akawa 2048. Kasi ya ajabu! Namba ikaandikwa kwenye msimbo, watu wakapongezana.

Wangapi hapa mmeshaliona tatizo?

Bloku moja kwenye kadi hizi haizidi nyuzi 1024. Ukiomba 2048, keneli haianzi kabisa. CUDA inaandika hitilafu namba 9, cudaErrorInvalidConfiguration, halafu programu inaendelea na safari yake. Kasi ile ilikuwa kasi ya kutofanya kazi yoyote. Na matokeo yaliwezaje kuwa sahihi? Safu ya matokeo ilikuwa ileile iliyotumiwa na duru iliyotangulia, na hakuna aliyeisafisha. Namba zilizokaguliwa zilikuwa za 1024. Programu ilipopelekwa kwenye kazi halisi, ambako hakukuwa na duru ya kabla yake, ikatoa takataka. Jibu lilitolewa. Hakuna aliyelisoma.

Dawa ya hapo ni ndogo na wengi wenu mnayo: makro (kipande cha msimbo kinachopachikwa pale kinapotajwa) inayopokea mwito, inalinganisha jibu na cudaSuccess, na likiwa tofauti inarusha eksepsheni, yaani inakatisha kazi na kupeleka hitilafu juu kwa aliyeita. Tunatumia makro ili tupate __FILE__ na __LINE__, jina la faili na namba ya mstari, za pale mwito ulipoandikwa, badala ya mstari wa ndani ya ganda letu wenyewe. Mwenye C++20 anaweza kuachana na makro akachukua std::source_location. Na funksheni za ganda zinazorudisha msimbo wa hitilafu zipeni alama ya [[nodiscard]], ipo tangu C++17, ili kompaila naye apige kelele mtu akilitupa jibu.

Lakini naomba tutulie kwenye ujumbe wenyewe, maana hapo ndipo wengi wanaishia njiani. "Hitilafu 101" si ujumbe. Hata maelezo ya cudaGetErrorString, yanayosema tu kwamba namba ya kifaa si halali, hayatoshi. Iliombwa namba gani? Vinaonekana vifaa vingapi? CUDA_VISIBLE_DEVICES, orodha ya kadi ambazo programu inaruhusiwa kuziona, ilikuwa na nini wakati huo? Ganda linaweza kuyajua yote hayo pale hitilafu inapotokea. Mchakato ukishakufa, hakuna atakayeyajua tena. Ujumbe unaofaa unasema hivi: cudaSetDevice imepewa 2, vinavyoonekana ni vifaa viwili, 0 na 1, CUDA_VISIBLE_DEVICES ni "4,5", cudaErrorInvalidDevice, namba 101, faili fulani, mstari fulani. Anayeusoma ujumbe huo usiku wa manane anajua pa kuanzia bila kumwamsha mwenzake.

Na jambo dogo ambalo limewaumiza watu sana: mwito wa kifaa usiuweke ndani ya assert, ukaguzi wa lugha ya C wa wakati wa majaribio. Nimeuona msimbo ulioandikwa assert(cudaSetDevice(id) == cudaSuccess). Kwenye kompyuta ya aliyeuandika unafanya kazi. Ukijengwa kwa ajili ya watumiaji, NDEBUG, swichi ya kuzima ukaguzi huo, inawekwa, na assert inafutwa na kila kilichomo ndani yake, mwito wenyewe ukiwemo. Hakuna kifaa kinachochaguliwa tena; kazi zote zinarundikana kwenye kifaa 0, kadi nyingine zimekaa bure, na hakuna hitilafu yoyote inayoonekana popote.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi. Jibu ulilopewa huenda halihusu swali lako.

Msanidi mmoja alikuja na hitilafu iliyokuwa ikitokea kwenye cudaFree, mwito unaoachia kumbukumbu ya kadi. Alikuwa ameibadilisha programu yake kila upande: amehamisha cudaFree, ameichelewesha, ameiondoa. Akiiondoa, hitilafu inahamia kwenye cudaMemcpy iliyo chini yake. Akiiondoa hiyo, inahamia kwenye cudaDeviceSynchronize. Namba ilikuwa 700, cudaErrorIllegalAddress. Nikamuuliza: cudaFree imegusa anwani gani mbovu? Haijagusa. Basi aliyegusa ni nani?

Aliyegusa alikuwa keneli iliyoanzishwa mbali sana huko juu, kwenye faili jingine kabisa. Ndani yake namba mbili za biti 32 zilizidishwa ili kupata mahali pa kuandika, na safu ilipokua ikapita vipengele 2,147,483,647, zao likafurika, likageuka hasi, keneli ikaandika nje ya mipaka. Kwenye safu ndogo za majaribio haikuwahi kutokea.

Mnajua kwa nini ilionekana kwenye cudaFree. CPU ikishaikabidhi keneli kwenye foleni haisubiri. Inaendelea na mstari unaofuata. Keneli inaanguka baadaye, na habari za kuanguka kwake zinabebwa na mwito wowote utakaofuata. Nyaraka za CUDA zenyewe zinalisema chini ya funksheni moja baada ya nyingine: mwito huu unaweza pia kurudisha hitilafu za kazi zilizoanzishwa kabla yake. Tunalisoma, tunapita, tunasahau.

Kwa hiyo ganda linalosema "cudaFree imeshindwa" limesema uongo, hata kama halikukusudia. Ganda la kweli linasema: hitilafu hii imeonekana kwenye cudaFree, na huenda imetoka kwenye keneli iliyotangulia. PyTorch, maktaba ya kujifunza kwa mashine, wanafanya hivyo: ujumbe wao unakuonya kwamba mstari unaouona huenda sio wenye kosa, na unakushauri kuendesha tena kwa CUDA_LAUNCH_BLOCKING=1, ambayo inailazimisha CPU kusubiri kila keneli imalize. Sentensi hiyo imewaokolea watu muda mwingi kuliko funksheni nyingi za maktaba hiyo, na hilo nalisema kwa heshima kubwa.

Baada ya kuanzisha keneli kuna maswali mawili, na kila moja lina wakati wake. cudaGetLastError, palepale, inakuambia kama keneli imekataliwa mlangoni. Ndilo lingewaokoa wale wa 2048. cudaDeviceSynchronize inakuambia kama keneli imeanguka ikiwa kazini. La kwanza uliza daima. Halina gharama ya maana. La pili liulize baada ya kila keneli unapotafuta kosa tu, kwa sababu ukisubiri kila mara, CPU na GPU haziendi tena sambamba na faida yote ya foleni imekwisha. Ganda liwe na swichi ya hilo.

Na mwangalie tofauti ya cudaGetLastError na cudaPeekAtLastError. Ya kwanza inasoma na kufuta. Ya pili inasoma na kuacha. Kama ndani ya mchakato mmoja kuna maktaba mbili, na ganda lako linaita ya kwanza kisha linapuuza ilichosema, umefuta ujumbe ambao haukuwa wako. Jibu lilitolewa, likasomwa na asiyehusika, likatupwa.

Tufike sasa kwenye lile ninaloliona kubwa kuliko yote. Je, kila namba isiyo sifuri ni hitilafu? Na je, kila hitilafu ni sawa na nyingine?

Hapana, na hapana.

Seva moja ilikuwa inaendesha modeli juu ya kadi kadhaa. Ganda lake liliandikwa na mtu mwangalifu: kila namba isiyo sifuri ikawa eksepsheni, kila eksepsheni ikakamatwa, kila iliyokamatwa ikajaribiwa tena. Siku keneli moja ilipogusa anwani isiyo yake, ombi likashindwa kwa 700. Ganda likajaribu tena: 700. Likajaribu tena: 700. Mchakato ulikuwa hai, poti iko wazi, na ukaguzi wa afya ulijibu kwamba yote ni mazima, kwa sababu ulikuwa unagusa mtandao tu na haukuigusa kadi. Kisambaza mzigo kikaona mashine hii inajibu haraka kuliko wenzake wote, maana kushindwa hakuchukui muda. Mnadhani kilifanya nini? Kikaielekezea maombi zaidi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ganda lile liliyaficha maradhi kwa bidii na kwa nia njema.

Hitilafu ya 700 inaua muktadha, yaani hali yote ambayo programu inaihifadhi kwenye kadi. Ikishatokea, kila mwito unaofuata kwenye mchakato huo unarudisha hitilafu hiyohiyo, na nyaraka zinasema wazi kwamba ili kuendelea ni lazima mchakato ufungwe na kuanzishwa upya. Kujaribu tena hakusaidii, wala kuita cudaGetLastError ili "kusafisha"; hii haisafishiki. Assert iliyofeli ndani ya keneli, namba 710, ni ya ukoo huohuo. Ganda likiiona hitilafu ya aina hii lina wajibu mmoja: kuandika kila linalolijua, kuirusha kwa aina yake ya pekee ambayo mkamataji wa kawaida haikamati, na kuuacha mchakato ufe ili msimamizi wake auinue tena.

Cheki upande wa pili. cudaErrorMemoryAllocation, namba 2, kumbukumbu haitoshi. Hii inatibika. Maktaba zenye akiba ya kumbukumbu, zikilipata jibu hili, zinaifuta hitilafu, zinarudisha vipande visivyotumika, kisha zinaomba tena. Hapo kujaribu tena ni busara. cudaErrorPeerAccessAlreadyEnabled, namba 704, inakuambia kwamba njia kati ya kadi mbili unayotaka kuifungua imeshafunguliwa. Ulichotaka kipo! Pokea, na kumbuka kuita cudaGetLastError uifute, la sivyo mtu mwingine ataikuta baadaye, baada ya keneli isiyo na kosa lolote, na atahangaika nayo.

Na zipo ambazo si hitilafu hata kidogo. Ukiuliza kwa cudaEventQuery kama kazi imekwisha, cudaErrorNotReady, namba 600, maana yake ni "bado". Ganda linalorusha eksepsheni kwa ajili ya "bado" litawafanya watu waache kuuliza. Vivyo hivyo cudaGetDeviceCount ikirudisha cudaErrorNoDevice, namba 100: kwa maktaba inayoweza kufanya kazi bila GPU, hilo ni jibu halali kabisa, vifaa ni sifuri, tutatumia CPU. Lakini hapohapo, funksheni hiyohiyo ikirudisha cudaErrorInsufficientDriver, namba 35, habari ni nyingine: kadi huenda ipo, draiva ni ya zamani mno kwa toleo hili la CUDA. Ukizigeuza zote mbili kuwa "vifaa sifuri" bila neno, mwenye kadi ya bei kubwa atakaa akiona programu inatambaa kwenye CPU na hatajua sababu.

Waliotunga Vulkan, mfumo mwingine wa kuongea na GPU, waliliona hili mapema, wakalitia ndani ya namba zenyewe: misimbo ya VkResult iliyo chanya, kama VK_NOT_READY, ni habari tu, iliyo hasi, kama VK_ERROR_DEVICE_LOST, ndiyo hitilafu. Ukiwa na CUDA huna bahati hiyo. Mgawanyo huo lazima uuandike wewe, kwa mkono, msimbo mmoja baada ya mwingine, ndani ya ganda. Ndiyo kazi yenyewe! Makro ya mistari sita mtu anaiandika akisubiri chai ichemke; orodha ya ipi ni habari, ipi inatibika na ipi inaua, hiyo inataka mtu akae na nyaraka.

Ukishaanza kurusha eksepsheni, ndugu zangu, umezaa tatizo jipya, na ni la haki kulisema. Kila mstari ulio chini ya mwito sasa ni mstari ambao huenda usifikiwe.

Fikirieni funksheni inayohifadhi namba ya kifaa cha sasa, inahamia kifaa 1, inaomba kumbukumbu, kisha inarudi kifaa cha awali. Maombi ya kumbukumbu yakishindwa, eksepsheni inaruka juu ya mstari wa kurudi. Anayeikamata huko juu anadhani yuko kifaa 0. Yuko kifaa 1. Safu zake zote zinazofuata zinazaliwa kwenye kadi nyingine, na keneli zake zinakwenda huko. Basi kurudi kusiwe mstari. Kuwe mlinzi, kitu ambacho konstrakta yake (inayoitwa kinapozaliwa) inahifadhi na kuhama, na destrakta yake (inayoitwa kinapokufa, hata eksepsheni ikiruka) inarudisha. Na kwa kuwa tangu C++11 destrakta ikirusha eksepsheni kwa kawaida programu nzima inauawa, humo ndani tusirushe: tuandike onyo, tuendelee. Programu inapofungwa mnaweza kukutana na cudaErrorCudartUnloading, namba 4. Humo ndani ya destrakta iacheni ipite, maktaba ya CUDA inaondoka na hakuna tena cha kurudisha.

Kumbukeni pia kwamba kifaa cha sasa ni cha uzi, si cha mchakato. Uzi mpya wa CPU unaanza na kifaa 0, hata kama mzazi wake amechagua kingine. Mlinzi aundwe ndani ya uzi unaofanya kazi.

Kwa wanaoandika maganda ya Python, neno moja: achieni kufuli kuu ya mkalimani (GIL, inayozuia nyuzi mbili kuendesha Python kwa pamoja) kabla ya kuita funksheni inayosubiri kama cudaDeviceSynchronize, ichukueni tena, ndipo mjenge eksepsheni. Mpangilio huo usivunjwe.

Na kuna hili la namba za kadi. Programu moja iliripoti hitilafu kwenye kifaa 0. Msimamizi wa mashine akafungua nvidia-smi, programu ya kutazama hali ya kadi, akaitazama kadi 0, ikawa nzima, akafunga shauri. Kumbe nvidia-smi inapanga kadi kwa anwani ya PCI, yaani nafasi ya kadi ndani ya mashine, na CUDA kwa kawaida yake inaanza na kadi yenye kasi zaidi, isipokuwa ukiweka CUDA_DEVICE_ORDER=PCI_BUS_ID. Ongeza CUDA_VISIBLE_DEVICES, inayohesabu upya kutoka sifuri, na "kifaa 0" inaweza kuwa kadi yoyote. Ujumbe wa hitilafu ubebe jina la kadi na anwani ya PCI. Lakini zichukueni mapema, programu inapoanza, mzihifadhi. Hitilafu ikishatokea msianze kukiuliza kifaa maswali mapya. Kama muktadha umekufa, hata swali la jina linaweza kujibiwa kwa 700.

La mwisho, nalo ni fupi. Ganda la hitilafu lijaribiwe kwa hitilafu. Endesheni programu mkiwa mmeiacha CUDA_VISIBLE_DEVICES tupu, muone kama inasema "hakuna kifaa" kwa lugha inayoeleweka. Chagueni kifaa chenye namba sawa na idadi ya vifaa. Ombeni kumbukumbu kubwa kuliko kadi nzima, kisha ombeni kidogo, muone kama ya pili inafaulu. Anzisheni keneli ya nyuzi 2048. Na andikeni keneli inayogusa anwani mbovu kwa makusudi, ila hiyo muipe mchakato wake wa pembeni, kwa sababu baada yake hakuna jaribio lingine litakalopita humo.

Nimefika hapo. Karibuni maswali.